Karatasi za Gabriela Mistral na ufunguo uliokaa mkononi mwa mtu mmoja

Mshairi wa Chile Gabriela Mistral alifariki tarehe 10 Januari 1957 huko Hempstead, jimbo la New York. Mwili wake ulirudishwa Chile mwezi huohuo. Karatasi zake zilirudi Desemba 2007. Kwa karibu nusu karne, rasimu, barua, madaftari, picha na kanda za sauti za mwandishi wa kwanza wa Amerika ya Kilatini kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi zilikaa Marekani chini ya uangalizi wa mtu mmoja, Doris Dana, aliyekuwa mwenzi wake wa miaka ya mwisho na msimamizi wa mirathi yake. Sehemu ilinakiliwa kwenye filamu ndogo na nakala ikawekwa Maktaba ya Bunge la Marekani. Nyingine zote hukuziona mpaka Dana akubali.

Habari hii kwa kawaida husimuliwa kama habari ya mahali: mali ya taifa ilikwama ugenini, kisha ikarudi. Naiona kwa jicho jingine. Karatasi za mshairi mhamiaji hazipotei kwa sababu zipo New York badala ya Santiago, au zipo Muscat na London badala ya Unguja na Mombasa. Zinapotea, au zinafungwa, kwa sababu ya mambo manne yanayoamuliwa mapema sana: wasia umesema nini, mpangilio wa masanduku umeguswa na nani, barua zilizotumwa nje ziko kwa nani, na mkataba wa kukabidhi umeandika masharti gani. Mahali ni suala la tano.

Ni vyema kukumbuka Mistral alikuwa nani kabla hajawa sanamu kwenye noti za benki. Alizaliwa Vicuña mwaka 1889, jina lake Lucila Godoy Alcayaga. Alianza kufundisha akiwa na miaka 15, msaidizi katika shule ya kijijini, bila cheti. Cheti alikipata 1910 kwa kufanya mtihani, hakukaa chuoni. Alizunguka nchi nzima kwa kazi hiyo: Traiguén, Antofagasta, Los Andes, kisha Punta Arenas kusini kabisa alikokuwa mkuu wa shule ya wasichana, Temuco, na mwishowe Santiago. Mwaka 1922 waziri wa elimu wa Mexico, José Vasconcelos, alimwita akasaidie mageuzi ya shule na maktaba za vijijini. Mwaka huohuo kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilichapishwa, tena New York. Tangu alipoondoka hakurudi kuishi Chile. Alikwenda mara tatu tu, 1925, 1938 na 1954. Katikati kulikuwa na Ufaransa, Italia, Uhispania, Ureno, Puerto Rico, Brazil, California, Veracruz, na nyumba ya mwisho Roslyn Harbor, Long Island.

Mtu wa kuhamahama namna hii huacha karatasi zisizofanana na za mshairi aliyekaa nyumba moja miaka 40. Kila safari huchuja. Kinachobaki mara nyingi si kile kilicho bora bali kile kilichokuwa kwenye sanduku la mkononi. Kuna pasi za kusafiria, barua za ubalozi na risiti za meli pamoja na beti. Kuna lugha tatu au nne, kwa hiyo mkutubi mmoja huorodhesha vizuri nusu ya sanduku na kuandika "mengineyo" kwenye nusu asiyoisoma. Kuna majina mengi ya mtu mmoja: Lucila Godoy kwenye hati za kazi, Gabriela Mistral kwenye vitabu, na majina ya utani kwenye barua za marafiki. Asiyeunganisha majina hayo kwenye orodha humgawa mtu mmoja kuwa watatu, na msomaji anayetafuta kwa jina moja hapati theluthi mbili ya mali. Washairi wetu wenye lakabu wana tatizo hilohilo, na dawa yake ni ndogo: chagua jina moja la kuongozea orodha, kisha orodhesha mengine yote chini yake na uelekeze huko.

Halafu kuna karatasi za ualimu. Hizi ndizo zinazotupwa kwanza. Familia huona madaftari ya maandalizi ya masomo, orodha za mahudhurio, mitihani iliyosahihishwa na barua za wanafunzi wa zamani wanaoomba udhamini wa kazi, ikadhani ni takataka za ofisini, kisha ikahifadhi kwa uangalifu nakala kumi za kitabu kilichokwishachapishwa. Inapaswa kuwa kinyume chake. Kitabu kilichochapishwa kipo maktaba. Daftari la somo lipo moja duniani. Kwa Mistral jambo hili ni zito zaidi kwa sababu fikra zake nyingi za elimu hazikuandikwa vitabuni. Serikali ya Ibáñez, rais wa Chile, ilipomkatia pensheni mwishoni mwa miaka ya 1920 aliishi kwa makala za magazeti, akiandikia El Mercurio la Santiago, La Nación la Buenos Aires na jarida la Repertorio Americano la San José, Costa Rica. Makala ileile ingeweza kutoka katika nchi mbili ikiwa na maneno yaliyobadilishwa. Kipande cha gazeti kilichokatwa, chenye masahihisho ya kalamu ya mwandishi pembeni, ndicho ushahidi wa toleo alilolitaka yeye.

Lakini kipande cha gazeti ni adui wa jirani yake. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa massa ya mbao yenye asidi, na asidi hiyo huhamia ukurasa unaogusana nao na kuacha kivuli cha kahawia chenye umbo la kipande chenyewe. Ukikuta gazeti limekunjwa ndani ya daftari la mashairi, piga picha ukurasa ukionyesha lilikuwa wapi, andika kwa penseli kwenye karatasi ndogo isiyo na asidi "hapa palikuwa na gazeti namba fulani", kisha litenge kwenye bahasha yake. Usiliondoe kimyakimya. Ukweli kwamba mwandishi aliliweka kati ya ukurasa wa 12 na wa 13 huenda ndio unaoeleza beti la ukurasa wa 13.

Hapo tunafika kwenye kanuni ambayo watunza nyaraka huilinda kuliko zote: usibadilishe mpangilio ulioukuta. Mtu mwenye nia njema huanza kwa kutenganisha: barua huku, mashairi huku, picha huku. Baada ya wiki moja nyumba inapendeza na ushahidi umekufa. Rasimu nyingi za Mistral hazina tarehe. Aliandika kwa penseli, ubao ukiwa juu ya magoti kwa sababu meza hakuizoea, na shairi moja alilirudia tena na tena kwa miaka. Njia ya kujua toleo lipi lilitangulia ni kutazama liliwekwa pamoja na nini: bahasha yenye muhuri wa posta, barua ya upande wa pili wa karatasi, jina la hoteli lililochapwa juu, aina ya karatasi. Ukishayatawanya hayo, mhariri anabaki kukisia.

Matokeo ya kukisia tumeyaona. Shairi lake refu kuhusu Chile, alilolifanyia kazi miaka mingi bila kulimaliza, lilitolewa na Dana mwaka 1967, miaka kumi baada ya kifo. Dana alifanya kazi ya heshima, lakini ilibidi achague beti zipi na kwa mpangilio upi, na baadaye wahariri wengine waliofika kwenye miswada walitoa matoleo tofauti yenye mashairi zaidi. Toleo lipi ni la Mistral? Kwa kweli hakuna. Kuna lundo la rasimu na kuna wahariri. Msomaji anayeletewa kitabu cha mshairi kilichochapishwa baada ya kifo chake ana haki ya kuambiwa lundo lilikuwaje.

Sasa Dana mwenyewe. Nchini Chile alilaumiwa kwa muda mrefu kama mgeni aliyekalia hazina. Lawama hiyo ni nusu tu ya haki. Alitunza. Hakuuza barua moja moja kwa wakusanyaji, jambo ambalo lingezitawanya kwenye nyumba za watu matajiri zisionekane tena. Hakuchoma. Alirekodi kwa kanda mazungumzo na Mistral na akahifadhi kanda hizo. Alipofariki Novemba 2006, mpwa wake Doris Atkinson alikuta mali nzima, zaidi ya masanduku 100, akaitoa Chile kama zawadi ikapokewa na Hifadhi ya Mwandishi katika Maktaba ya Taifa. Mali iliyotunzwa na mtu mmoja mgumu ilifika ikiwa kamili kuliko ambavyo ingefika kama ingegawanywa kati ya taasisi tano rafiki.

Kosa lake lilikuwa kwingine: alifunga bila tarehe. Ruhusa ilitegemea mtu, na mtu huyo alipozeeka ruhusa ilizidi kuwa ngumu. Kwa namna hiyo vizazi viwili vya wachambuzi viliandika kuhusu Mistral bila kuona rasimu zake nyingi. Kulikuwa na sababu ya kibinadamu. Baadhi ya barua zilikuwa za mapenzi kati ya wanawake hao wawili, na zilipochapishwa 2009 zilivuruga picha ya mwalimu aliyeishi kama mtawa iliyokuwa ikifundishwa shuleni. Mtu ana haki ya kulinda faragha yake. Ila kuna njia ya kufanya hivyo isiyogharimu kila kitu. Barua za mshairi T. S. Eliot kwa rafiki yake Emily Hale zilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Princeton kwa sharti zisifunguliwe mpaka ipite miaka 50 baada ya kifo cha aliyechelewa kufa kati yao. Hale alifariki 1969, na sanduku likafunguliwa Januari 2020. Kila mtu alijua lini. Nyaraka nyingine za Eliot hazikufungwa kwa sababu ya zile.

Kwa hiyo mkataba wa kukabidhi unapoandikwa, kataa maneno "kwa idhini ya familia". Familia hufa, hugombana, huhama na kubadilisha namba za simu. Andika: mfululizo (yaani kundi la nyaraka) namba 3, barua za binafsi, umefungwa hadi tarehe 1 Januari ya mwaka fulani. Mifululizo mingine yote iwe wazi tangu siku orodha inapokamilika. Taja pia nani ana haki ya kunakili, taasisi ifanye nini ikiamua kwamba haivihitaji vitu fulani, na orodha ikamilike ndani ya muda gani. Sharti hilo la mwisho husahaulika. Masanduku yaliyokabidhiwa bila muda wa kuorodheshwa yanaweza kukaa stoo miaka 20 yakiwa "yamehifadhiwa" kwa jina tu.

Barua nazo zina fumbo lake. Ukifungua karatasi za mshairi utakuta barua alizopokea. Alizoandika hazipo, ziko kwa waliozipokea. Nusu ya mazungumzo ya Mistral imelala kwenye karatasi za watu wengine: alizomwandikia mwandishi Alfonso Reyes zilibaki Mexico kwa Reyes, na alizomwandikia mwandishi Victoria Ocampo wa Argentina ziliishia Chuo Kikuu cha Harvard, kwa sababu karatasi za Ocampo ndizo zilizokwenda huko. Kwa mhamiaji jambo hili huzidi, maana aliwasiliana na kila mtu kwa barua. Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa nyumbani. Barua za Shaaban Robert za kuanzia 1931 hadi 1958, zilizochapishwa na TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) mwaka 2002, tunazo kwa sababu ndugu yake Yusuf Ulenge, aliyeandikiwa, alizitunza. Kama tungetegemea kasha la mshairi mwenyewe tusingekuwa nazo.

Hatua ya vitendo hapa ni kutengeneza, kutokana na barua zilizopokelewa, orodha ya kila mwandishi wa barua hizo, mahali alipoishi na miaka waliyowasiliana. Majina 30 ya kwanza kwa wingi wa barua yatakuonyesha nusu nyingine ya mazungumzo iko wapi. Waandikie warithi wao kabla hawajahama nyumba. Ukiomba upewe asili, wengi watakataa, na wana haki. Omba nakala.

Hapo kuna jambo la kisheria ambalo hata wasomi hulikosea. Karatasi yenyewe ni mali ya aliyeipokea. Maneno yaliyoandikwa juu yake ni mali ya aliyeyaandika na warithi wake. Mwenye barua anaweza kuiuza, kuionyesha, kuificha, ila hawezi kuichapisha bila ruhusa ya wenye hakimiliki. Taasisi nazo zimo kwenye mtego huo: kupewa masanduku si kupewa haki ya kuyaweka mtandaoni. Mkataba lazima uyataje yote mawili kwa mistari miwili tofauti.

Kuhusu kazi ya mikono yenyewe, nitasema zaidi, maana hapa ndipo mali nyingi za pwani yetu na za ndugu walioko Ghuba zinapoharibika huku zikiwa mikononi mwa watu wanaozipenda.

Adui wa kwanza ni unyevu. Kuvu huanza kustawi unyevu wa hewa unapopita asilimia 65 hivi na kubaki hapo, na pwani ya Afrika Mashariki hupita kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka. Maktaba zenye mitambo hulenga nyuzi 18 hadi 20 na unyevu wa asilimia 35 hadi 50. Nyumbani hutafika huko, wala usihangaike. Kinachoua karatasi kuliko joto la wastani ni kupanda na kushuka: kiyoyozi kinawashwa mchana na kuzimwa usiku, unyevu unaganda kwenye karatasi iliyopoa, na asubuhi kuvu imepata chakula. Bora chumba cha ndani kisichogusa ukuta wa nje, feni inayozunguka polepole, rafu iliyoinuliwa sentimita 15 kutoka sakafuni na kuachwa sentimita chache kutoka ukutani. Kipimo cha unyevu cha bei ndogo kikae rafuni, kisomwe asubuhi na jioni.

Mifuko ya nailoni na masanduku ya plastiki yenye mfuniko mkali huonekana salama. Hufungia unyevu ndani. Kasha la kadibodi lisilo na asidi hupumua. Mabahasha ya plastiki ya madukani mengi ni ya PVC, ambayo huvujisha kemikali na kung'oa wino wa mashine ya kunakili. Ukitaka plastiki, iwe poliesta. Kufunika karatasi kwa lamineti ni hukumu isiyo na rufaa, maana joto na gundi haviondoki tena. Selotepu pia. Ndani ya miaka michache gundi yake huhamia kwenye karatasi, huwa ya njano, na utepe hudondoka ukiacha doa ambalo hata mtaalamu hulitoa kwa shida. Karatasi iliyochanika iache imechanika, ndani ya jalada lake.

Pini, klipu na vyuma vya stepla hushika kutu kwenye hewa ya chumvi na kula karatasi. Vitoe kwa kisu bapa, ukiinua miguu ya stepla kwa nyuma, si kwa kuvuta. Karatasi zilizokuwa zimebanwa pamoja ziwekwe ndani ya karatasi moja iliyokunjwa, ili ijulikane kwamba zilikuwa kitu kimoja. Raba hugeuka nata na kung'ang'ania, kwa hiyo badala yake tumia utepe wa pamba. Jalada moja lisizidi unene wa sentimita moja na nusu. Kasha la kawaida la unene wa sentimita 13 hubeba karatasi 800 hadi 1,000. Ukilijaza sana zinakunjika unapotoa, ukiliacha nusu tupu zinapinda na kubaki hivyo. Ziba nafasi kwa kadibodi iliyokunjwa.

Kuandika namba ni penseli laini tu, kona ileile kila ukurasa. Kuhusu penseli ya mwandishi mwenyewe, kama ilivyokuwa kwa Mistral, kuna habari njema na mbaya. Grafaiti haififii kwa mwanga wala haitiririki ikilowa, tofauti na kalamu nyingi za wino. Lakini hufutika kwa msuguano. Kila karatasi ya penseli itenganishwe na jirani yake kwa karatasi nyembamba, na sanduku lake lisitikiswe kwenye gari bila kujazwa vizuri. Faksi na risiti za karatasi ya joto ndizo za dharura kuliko zote. Maandishi yake hupotea yenyewe, wakati mwingine ndani ya miaka mitano. Zipige picha leo.

Ukikuta wadudu hai, usipulize dawa. Dawa ya mbu huacha mafuta kwenye karatasi na haifiki kwenye mayai. Funga kasha ndani ya mfuko wa politini, toa hewa, ziba kwa utepe, weka kwenye friza inayofika nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukitoa, acha mfuko umefungwa saa 24 nje mpaka uzoee joto, la sivyo umande utaganda kwenye karatasi yenyewe. Mchwa ni habari nyingine. Friza itaua waliomo ndani ya kasha, lakini wanatoka kwenye jengo. Hamisha kwanza, tibu jengo baadaye. Kasha lenye kuvu mbichi lisiingie chumba chenye mengine. Likaushwe peke yake mbele ya feni, na anayelishika avae barakoa.

Miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu inataka angalizo moja zaidi. Namba za kurasa zianzie kulia. Mtu asiyesoma hati hiyo hupiga picha kuanzia kushoto, na utenzi mzima unaingia kwenye kompyuta kinyumenyume, ukiwa na majina ya faili yanayoonekana sahihi kabisa. Mara nyingine miswada hiyo hupangwa pamoja na vitabu vya dini kwa kuwa tu hati inafanana. J. W. T. Allen aliyekusanya miswada kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960 aliacha orodha iliyochapishwa 1970, na ni kwa sababu ya orodha ile kwamba mtu leo anajua cha kuulizia. Familia zenye asili ya Zanzibar zilizohamia Oman na Ghuba baada ya 1964 bado zina makasha ya namna hii, na orodha ya kurasa nne iliyoandikwa na mzee anayesoma hati hiyo ina thamani kuliko picha 4,000 zisizo na majina.

Hilo linanileta kwenye skana, ambayo watu hukimbilia mapema mno. Kunakili kidijitali ni hatua ya mwisho. Faili za nukta 400 kwa inchi, za aina ya TIFF kwa hifadhi na JPEG kwa kusomea, hazina maana kama jina la faili ni "IMG_0347". Jina lifuate kasha, jalada na karatasi: K04_J12_007a, ambapo "a" ni mbele na "b" ni nyuma. Piga picha nyuma hata kama ni tupu, ili anayesoma ajue kuwa ni tupu na si kwamba ulisahau. Piga bahasha. Weka nakala tatu kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mji mwingine. Kanda za kaseti na rili zitangulie karatasi, kwa sababu zinaoza haraka na mashine za kuzichezea zinaisha duniani. Rili za zamani za asetati zikinuka siki, zitenge na uzirekodi kwanza. Usicheze kanda "kusikia tu kuna nini". Kila uchezaji uwe wa kurekodi, kwa biti 24.

Mshairi mhamiaji wa leo ana tatizo ambalo Mistral hakulijua. Rasimu zake ziko kwenye simu. Mazungumzo ya WhatsApp yanaweza kutolewa kama faili la maandishi moja kwa kila mtu au kundi, lakini ukichagua kutoa pamoja na picha na sauti, mazungumzo marefu hukatwa. Toa mara mbili: maandishi matupu, ambayo hubeba ujumbe mwingi zaidi, kisha yenye sauti. Fanya hivyo mwenyewe ukiwa hai, kwa sababu mrithi asiye na namba ya siri hana njia. Andika namba hiyo kwenye bahasha inayokaa pamoja na wasia.

Wasia wa Mistral wenyewe ulikuwa na kifungu kizuri kuliko vyote nilivyotaja. Malipo ya vitabu vyake vitakavyouzwa Amerika ya Kusini aliyaelekeza kwa watoto maskini wa Montegrande, kijiji cha utoto wake, kupitia watawa Wafransisko. Ni kifungu cha mwalimu. Lakini kilitenganisha eneo moja la mauzo na mengine, kikaweka msimamizi mwingine kwa kila upande, kwa hiyo mchapishaji aliyetaka kutoa kitabu kimoja kwa soko la Chile na Marekani alikuwa na milango miwili ya kugonga. Hakimiliki nchini Chile hudumu miaka 70 baada ya kifo, maana yake kazi zake zitakuwa huru huko kuanzia 2028. Tanzania na Kenya ni miaka 50. Mshairi wa Kiswahili anayeishi ughaibuni na kuchapisha sehemu zote hizo ataje kwenye wasia mtu mmoja wa kutoa ruhusa kwa dunia nzima, amtaje na wa pili iwapo wa kwanza amefariki, kisha agawe fedha apendavyo.